Umehama VMware na mashine hazitulii: dalili, chanzo na tiba

Tangu Broadcom ikamilishe ununuzi wa VMware, watengenezaji wa programu za kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva halisi), Novemba 2023, bajeti za idara nyingi za TEHAMA hazijatulia. Mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ulikoma, ukabaki usajili unaolipiwa kwa kori (kiini cha prosesa), na prosesa yenye kori 8 inahesabiwa kana kwamba ina 16. Februari 2024 ESXi ya bure, programu ya VMware inayobeba mashine pepe kwenye seva, ikaondolewa. Ilirejeshwa Aprili 2025, wakati ambao watu walikuwa wameshaanza kufungasha. Kisha vSphere 7, kifurushi chenye ESXi na zana zake, ikafikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 2 Oktoba 2025. Sababu za kuhama, basi, hazihitaji kuelezwa tena. Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kuamua, akaanza, na sasa ana mashine isiyotaka kuwaka na simu zinazoita mfululizo.

Mifano ni ya Proxmox VE, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, inayotumia KVM (injini ya Linux ya kazi hiyo) juu ya Debian, kwa kuwa ina zana yake ya kuingiza mashine kutoka ESXi na haidai malipo ili uijaribu. Anayekwenda XCP-ng, Hyper-V au Nutanix AHV atakuta amri tofauti lakini magonjwa ni yale yale.

Chanzo kimoja kiko nyuma ya karibu kila dalili utakayoisoma hapa: mashine pepe haijui kwamba imehamishwa. Ni kama mtu aliyebebwa usingizini hadi nyumba nyingine. Akiamka gizani, mkono unakwenda ukutani pale swichi ya taa ilipokuwa zamani. Mashine nayo inatafuta kidhibiti cha diski cha VMware, kadi ya mtandao ya VMware, chipu ya TPM (inayotunza funguo za siri) iliyokuwa nayo jana. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya hitilafu si "Proxmox ina shida gani?" bali "mashine hii bado inaamini nini kuhusu kule ilikotoka?"

Sharti moja kabla ya yote: mashine ya asili izimwe, kadi yake ya mtandao iondolewe alama ya kuunganishwa, na isifutwe. Zikiwaka zote mbili kwa pamoja utapata IP ile ile mara mbili, MAC ile ile mara mbili, na hifadhidata mbili zinazopokea kazi tofauti. Matatizo mengine yote yaliyomo humu yana tiba. Hilo la hifadhidata mbili halina tiba ya kiufundi. Ni watu wawili kukaa mezani na kulinganisha rekodi moja moja.

## Uingizaji hausogei, au unakataa kabisa

Asilimia zikikaa palepale kwa muda mrefu, angalia umeunganisha zana na nini. Inaweza kuongea na vCenter, programu inayosimamia seva nyingi za ESXi, au na seva ya ESXi moja kwa moja. Kupitia vCenter ni polepole kwa kiasi kikubwa; weka anwani ya ESXi yenyewe na nenosiri la root.

Kisha tazama snapshoti, yaani hali za mashine zilizohifadhiwa ili kuweza kurudi nyuma. Ukikuta kwenye folda ya mashine faili zenye majina yanayoishia `-000001.vmdk`, maana yake kila usomaji wa diski unapita mnyororo wa faili kadhaa kabla ya kufika kwenye data. Unganisha snapshoti zote ukiwa bado upande wa VMware. Ukaguzi huu ufanye kwa mashine zote kabla ya siku yenyewe, maana snapshoti iliyowekwa "kwa muda tu" kabla ya kusasisha programu fulani ina tabia ya kusahaulika kwa miaka.

Zana ikikataa kabisa, sababu huwa ni chache. Diski iliyo kwenye vSAN (hifadhi ya VMware inayounganisha diski za seva kadhaa) haisomeki kwa njia hii: ihamishie kwanza datastore (eneo la kuhifadhia mashine) ya VMFS au NFS. Diski iliyosimbwa kwa sera ya VMware nayo haiingii mpaka sera iondolewe. Jina la datastore lenye alama kama `+` linaweza kuleta mgomo pia. Na ukiona `503 Service Unavailable` katikati ya kazi, ESXi imefikia kikomo cha vipindi inavyoruhusu. Ama ingiza mashine chache kwa wakati mmoja, ama weka `Config.HostAgent.vmacore.soap.maxSessionCount` kuwa 0 kwenye mipangilio ya juu ya ESXi kwa muda wa uhamisho.

Anayehamisha kwa mkono hukwama mahali pengine. Diski ya VMware huonekana kama faili moja kwenye kivinjari cha datastore, lakini kwa kweli ni mbili: `web01.vmdk`, ambayo ni maandishi machache tu ya maelezo, na `web01-flat.vmdk`, yenye data. Ukinakili ile ndogo peke yake utapata diski isiyofunguka. Ziweke zote mbili kwenye folda moja na uielekeze amri kwenye ile ya maelezo (105 ni namba ya mashine, `local-lvm` ni hifadhi ya Proxmox):

`qm disk import 105 web01.vmdk local-lvm`

## Windows inaonyesha skrini ya buluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE

Hii ndiyo dalili maarufu kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu watangaze mapema kwamba uhamisho umeshindikana. Windows imeanza kuwaka, ikafika mahali pa kusoma diski yake, ikakuta kidhibiti isichokijua. Umeiwekea VirtIO SCSI, kidhibiti pepe cha KVM, yenyewe ina draiva ya vidhibiti vya kule VMware tu, LSI au PVSCSI.

Wengi hujibu kwa kurudi VMware, kusakinisha kifurushi cha draiva za virtio-win, kisha kuhamisha tena. Skrini ya buluu inarudi vilevile. Sababu ni kwamba kusakinisha draiva ya diski hakutoshi. Windows huipa draiva hiyo nafasi ya kupakiwa mwanzoni kabisa mwa kuwaka baada tu ya kukiona kifaa chenyewe. Draiva ipo kwenye diski, lakini haijaitwa kazini.

Kwa hiyo ionyeshe kifaa. Zima mashine. Diski ya mfumo iweke kwenye SATA, ambayo Windows ya miaka ya karibuni huifahamu bila msaada. Ongeza diski ndogo ya pili, GB 1 inatosha, kwenye VirtIO SCSI. Washa, itawaka kwa SATA. Weka ISO ya virtio-win, endesha kisakinishi chake, halafu fungua Device Manager uhakikishe kidhibiti cha VirtIO SCSI kimeorodheshwa bila alama ya njano. Zima tena, tupa ile diski ndogo, ondoa diski ya mfumo kwenye SATA na uirudishe kama SCSI. Itawaka.

Isipowaka baada ya hapo na badala ya skrini ya buluu ukapata ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwakia, tulia: ulipoitoa diski na kuirudisha, ilidondoka kwenye orodha ya kuwakia. Nenda Options, Boot Order, uitie alama. Jambo dogo, lakini limewakesha watu.

Ukiwa bado ndani ya VMware kuna kazi moja zaidi, kuondoa VMware Tools, yaani draiva na huduma za VMware zilizosakinishwa ndani ya mashine. Ukisubiri hadi uvuke, kiondoaji chake huweza kukataa kufanya kazi kwa hoja kwamba hakipo tena kwenye VMware, na utabaki na huduma zinazoanza na kushindwa kila mashine inapowaka. Lakini ukiiondoa, draiva ya kadi ya VMXNET3 huweza kuondoka nayo na mtandao ukakatika, kwa hiyo iwe hatua ya mwisho kabisa, baada ya kuandika pembeni IP, lango na DNS, na baada ya kuhakikisha unalo nenosiri la msimamizi wa ndani ya mashine. Akaunti ya domeni haitakusaidia kwenye mashine isiyo na mtandao.

## Skrini nyeusi, au mashine inazunguka ikitafuta mtandao wa kuwakia

Hapa mashine haijafika hata kwenye Windows au Linux. Chanzo karibu kila mara ni kwamba ilisakinishwa kwa UEFI (programu ya kisasa ya kuwashia kompyuta) na wewe umeiwekea BIOS (ile ya zamani), au kinyume chake. Usikisie. Fungua faili ya `.vmx` kule ilikotoka: ukikuta `firmware = "efi"` basi ni UEFI, na Proxmox inahitaji OVMF, UEFI yake, pamoja na diski ndogo ya EFI:

`qm set 105 --bios ovmf --efidisk0 local-lvm:1,efitype=4m,pre-enrolled-keys=0`

Usipoukuta mstari huo, iache kwenye SeaBIOS, BIOS ya Proxmox. Thamani 0 ya mwisho inaacha Secure Boot ikiwa imezimwa. Kama mashine ilikuwa ikiitumia, weka 1.

Kuna hali ambapo aina ni sahihi na bado haiwaki. UEFI hukumbuka njia ya faili ya kuwakia kwenye kumbukumbu yake yenyewe, si kwenye diski, na kumbukumbu hiyo ilibaki VMware. Bonyeza Esc mashine inapoanza, ingia Boot Maintenance Manager, ongeza chaguo jipya, na uchague faili iliyo chini ya folda ya EFI: kwa Windows ni `\EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi`, kwa Linux hutegemea toleo, mara nyingi `shimx64.efi`.

## Linux inaishia kwenye dracut

Utaona maonyo ya `dracut-initqueue timeout`, kisha kiulizo cha dharura kinachosema `dracut:/#`. Familia ya Red Hat, kwa zana iitwayo dracut, hutengeneza picha ya kuwakia (faili ndogo inayopakiwa kabla ya mfumo wenyewe) yenye draiva za vifaa vilivyopo tu siku hiyo, na siku hiyo hapakuwa na virtio. Debian na Ubuntu kwa kawaida hubeba draiva nyingi zaidi na huvuka salama.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Mashine ikiwa bado VMware, tengeneza faili `/etc/dracut.conf.d/virtio.conf` yenye mstari huu:

`add_drivers+=" virtio_pci virtio_blk virtio_scsi virtio_net "`

kisha endesha `dracut --force --regenerate-all`. Ukiwa umeshavuka bila kufanya hivyo, iweke diski kwenye SATA kwa muda au uwashe kwa kerneli ya uokoaji kwenye menyu ya GRUB, ufanye hayo hayo kutoka ndani, halafu rudisha VirtIO.

Ukiwa humo, pitia `/etc/fstab`, orodha ya diski ambazo Linux hufungua inapowaka. Palipoandikwa `/dev/sda2` na wewe umeweka VirtIO Block, diski sasa inaitwa `/dev/vda2` na mashine itasubiri kitu ambacho hakitakuja. Andika UUID, kitambulisho cha kudumu, badala ya jina.

## Inadai ufunguo wa BitLocker

BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, hutegemea TPM, na TPM pepe haihami pamoja na diski. Windows inaona chipu ngeni, inadhani diski imeibiwa, inadai ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48. Ukiwa nao, ingiza, washa, zima ulinzi na uuwashe upya ili ufungamane na TPM mpya. Usipokuwa nao, rudi kwenye mashine ya asili, endesha `manage-bde -protectors -get C:` uuandike, kisha `manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0` kabla ya kuhamisha tena. Hakuna njia ya tatu, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

## Imewaka vizuri, haina mtandao

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu dalili moja ina vyanzo vinne au vitano na watu huanza na ule wa mbali. Anzia ndani ya mashine uende nje.

Kwenye Linux, endesha `ip link`. Kadi iliyokuwa ikiitwa `ens192` VMware sasa huenda inaitwa `ens18`, na mipangilio yote bado inaitaja ile ya zamani. Rekebisha jina kwenye Netplan au NetworkManager. Ukitaka usikutane na jambo hili tena, funga mipangilio kwenye MAC badala ya jina. Mashine za kizamani za CentOS 6 zina faili `/etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules`, ifute na uwashe upya.

Kwenye Windows, kadi mpya imepata IP ya DHCP ilhali ya zamani ilikuwa na IP ya kudumu. Ukijaribu kuiandika ile ya kudumu, Windows inalalamika kwamba imeshapewa kadi nyingine. Ni kweli, imepewa kadi ambayo haipo. Fungua Device Manager, kwenye menyu ya View chagua kuonyesha vifaa vilivyofichika, na uondoe ile VMXNET3 iliyofifia. Kwenye seva zenye kadi mbili au tatu, fanya hivi kwa uangalifu, moja moja, ukilinganisha MAC.

IP iko sawa na bado kimya? Toka nje hadi kwenye daraja, swichi pepe ya Proxmox. VMware ilikuwa ikiweka namba ya VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao) kwenye kundi la milango, na aliyejenga makundi hayo huenda aliondoka kazini zamani. Proxmox inataka daraja liwe na `bridge-vlan-aware yes` na namba iandikwe kwenye kadi ya mashine. Kosa linalojirudia ni la kundi lenye VLAN 4095. Kwa VMware namba hiyo humaanisha "pitisha VLAN zote hadi ndani ya mashine", na hutumika sana kwa ngome za moto. Proxmox hufanya hivyo kwa kuacha nafasi ya namba wazi. Ukiandika 4095 hutapata kitu.

Kuona kama paketi zinafika kweli kwenye waya, sikiliza kadi halisi ya seva mwenyeji:

`tcpdump -eni eno1 vlan 20`

Ukiziona zikitoka na hakuna jibu, tatizo liko kwenye swichi, na mara nyingi ni kwamba mlango mpya haukuwekwa kupitisha VLAN hiyo.

Mtandao unaokuja na kuondoka, mashine hii inapatikana na ile haipatikani, baada ya dakika kadhaa kinyume chake, ni kisa kingine. ESXi kwa chaguo lake la kawaida huunganisha kadi mbili bila swichi kujua lolote. Mtu akifika Proxmox huchagua LACP (uunganishaji wa kadi ambao swichi nayo lazima ishiriki) kwa kuwa jina linasikika la kitaalamu, na swichi haijasanidiwa. Ama sanidi swichi, ama chagua `active-backup` (kadi moja kazini, nyingine akiba). Kwa ofisi nyingi ile ya pili inatosha kabisa, na ina mambo machache ya kuharibika.

Na iko ile dalili ya kutatanisha: ping inapita, kurasa hazifunguki. Kama kati yako na mtandao kuna ngome ya moto ya pfSense au OPNsense iliyohamishwa kwenye kadi ya VirtIO, zima hesabu ya checksum kwenye maunzi ndani ya mipangilio yake. Kama si hivyo, pima ukubwa wa paketi. Pale ulipoweka MTU (ukubwa wa juu wa paketi) 9000 upande mmoja na swichi ya katikati ikabaki 1500, paketi ndogo hupita na kubwa hutoweka. `ping -M do -s 8972` kwenda upande wa pili itasema ukweli mara moja.

## Seva ya hifadhidata imewaka, hifadhidata haijawaka

Kabla ya kusoma logi za SQL Server kurasa hamsini, fungua Disk Management. Windows Server ina sera ya kutozipandisha diski mpya inazodhani ni za SAN (hifadhi ya pamoja ya mtandaoni), na diski za data zilizobadilishiwa kidhibiti huonekana hivyo: zipo, lakini zimeandikwa Offline. Kwa `diskpart`, chagua diski, andika `online disk`, na ikihitajika `attributes disk clear readonly`. Amri ya `san policy=OnlineAll` ukiiendesha kabla ya kuhama inakuondolea kazi hii yote.

## Kila kitu kinafanya kazi, ila kinavuta miguu

Malalamiko ya "mfumo umekuwa mzito tangu mlipohama" yanahitaji swali la kwanza: mzito wapi? Kwenye prosesa, diski au kumbukumbu. Hayachanganywi.

Programu inayokufa papo hapo na kuacha `Illegal instruction`, au toleo jipya la Red Hat linalogoma kwa `Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2`, si uzito, ni prosesa pepe iliyonyimwa uwezo. Ukiunda mashine kwa amri bila kutaja aina ya CPU unapata `kvm64`, ambayo ni duni mno. Chaguo la kawaida kwenye ukurasa wa wavuti, `x86-64-v2-AES`, halina AVX (maagizo ya ziada ya prosesa), na MongoDB kuanzia toleo la 5.0 haiwaki bila AVX. Weka `x86-64-v3`, au `host` (prosesa halisi ilivyo) kama nodi zote, yaani seva zako za Proxmox, zina prosesa za aina moja. Kwa Windows mpya, `host` mara nyingine huleta uzito wake yenyewe kwa kuwa inaamsha vipengele vya ulinzi vinavyotumia virtualization ndani ya virtualization. Jaribu zote mbili na upime.

"Nimeipa kori 8, inatumia 2." Tazama mgawanyo. Mashine nyingi za VMware zilijengwa kwa soketi nyingi zenye kori moja moja. Windows 10 na 11 Pro hutambua soketi 2 tu, na SQL Server Standard huishia soketi 4. Badilisha iwe soketi 1 yenye kori 8.

Diski ndiyo mshukiwa mkubwa zaidi. Kama kazi za kuandika ndizo nzito na kusoma ni sawa, uliza SSD zako ni za aina gani. ZFS, mfumo wa faili ulio kwenye Proxmox, huheshimu kila ombi la kuhakikisha data imefika, na SSD za kompyuta za nyumbani, zisizo na kinga ya kukatika umeme, huporomoka zinapoombwa hivyo mara elfu kwa sekunde. Kadi ya RAID ya zamani iliyokuwa ikisaidia VMware kwa kache yake ya betri ilificha udhaifu huo miaka yote. Hapa hakuna mpangilio wa kuokoa: nunua SSD za daraja la seva. Wala usiweke ZFS juu ya kadi hiyo ya RAID. Igeuze HBA (ipitishe diski moja moja bila RAID), au tumia LVM-thin (hifadhi nyembamba, isiyotenga nafasi hadi itumike) juu ya RAID na uishi kwa amani.

Mashine kadhaa zikisimama kwa pamoja na hali ya `io-error`, usizitafute mashine. Hifadhi nyembamba imejaa. `lvs` itakuonyesha Data% ikiwa 100. Futa au hamisha kitu, kisha washa `discard` kwenye kila diski na uendeshe `fstrim -av` ndani ya Linux, ili nafasi inayofutwa ndani irudi nje.

Na mashine inayozimika yenyewe usiku, hasa wakati wa bekapu: `journalctl -k | grep -i oom` kwenye seva mwenyeji. Kerneli imeua mashine kwa kukosa kumbukumbu. Proxmox iliyosakinishwa kabla ya 8.1 iliiruhusu ZFS kuchukua hadi nusu ya RAM kwa kache yake. Iwekee kikomo cha `zfs_arc_max`.

## Saa imeruka, na watu hawawezi kuingia

Kerberos, mfumo unaothibitisha watumiaji wa domeni, huvumilia tofauti ya dakika 5. Mashine ya Windows ambayo aina yake ya mfumo iliandikwa "Other" wakati wa kuingizwa hupewa saa ya UTC badala ya saa ya eneo, na tofauti inakuwa saa kamili kadhaa. Sahihisha aina ya mfumo, zima na kuwasha, halafu weka chanzo kimoja cha NTP (saa ya mtandao).

Kwa domain controller, seva inayotunza akaunti za domeni, msimamo wangu ni mkali: usiihamishe. Jenga mpya upande wa pili, ipandishe cheo, hamishia majukumu, kisha ishushe ya zamani. Ukiinakili ikiwa inafanya kazi na baadaye ukairudisha ya zamani, unaweza kuona tukio namba 2095 kwenye logi, yaani hesabu za urudufishaji zimerudi nyuma na wenzake hawaiamini tena. Kujenga mpya ni kazi ya mchana mmoja. Kuponya hilo ni kazi ya wiki.

## Programu ya biashara inasema leseni si halali

Mfumo wa uhasibu au wa maabara umejifunga kwenye UUID ya mashine, MAC, au vyote viwili. Ndani ya mashine ya asili soma `dmidecode -s system-uuid` au, kwa Windows, `(Get-CimInstance Win32_ComputerSystemProduct).UUID`, kisha uiandike upande mpya kwa `qm set 105 --smbios1 uuid=...` na uisome tena kutoka ndani kulinganisha. Usiichukue kwenye faili ya `.vmx`, kwani mpangilio wa tarakimu zake unaweza kutofautiana na kile mashine inachokiona. Kabla ya hayo, soma mkataba: wauzaji wengine huruhusu hili, wengine hutaka uwaombe ufunguo mpya.

## Nodi zinajiwasha upya zenyewe

Kwenye klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ya nodi mbili, moja ikizimwa ile iliyobaki hukataa kazi na kusema `cluster not ready - no quorum? (500)`. Haina akidi: kura moja kati ya mbili si wengi. Ongeza nodi ya tatu, au kifaa kidogo cha QDevice kinachopiga kura tu. Amri ya `pvecm expected 1` itakufungulia mlango kwa dharura, ila uitumie pale tu unapojua kwa hakika kwamba nodi nyingine imezimwa.

Kinachotisha zaidi ni nodi tatu zote kujizima kwa wakati mmoja, saa ile ile ya usiku. HA (kuwasha mashine kwenye nodi nyingine moja ikifa) ikiwa imewashwa, nodi iliyopoteza akidi hujiwasha upya ndani ya takriban sekunde 60, kwa makusudi, ili mashine isiwake mahali pawili. Kinachopoteza akidi ni bekapu inayojaza mtandao ule ule unaotumiwa na Corosync, programu ya mawasiliano ya nodi, ambayo haihitaji upana bali ucheleweshaji mdogo. Ipe kadi yake, hata ya gigabiti 1, na njia ya pili ya akiba.

## Unataka kurudi VMware, VMware haikubali

Umeamua usiku huu kurudi nyuma, unawasha mashine ya asili, na ESXi inakataa. Usajili umeisha. Mashine zilizokuwa zikifanya kazi huendelea kufanya kazi baada ya leseni kuisha, jambo linalowapa watu faraja ya uongo, lakini iliyozimwa haiwashwi tena. Ndiyo maana mashine ya mwisho inapaswa kuvuka wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mkataba, si siku ya mkataba, na kila bekapu ya zamani inayolazimika kuhifadhiwa kisheria irejeshwe mara moja upande mpya ungali una pa kuisomea.

Tarehe ikiwa imeshapita, usihangaike na ESXi. Datastore ya NFS inasomeka na Linux yoyote. Kwa VMFS, kifurushi cha `vmfs6-tools` cha Debian huweza kufungua diski kwa kusoma tu. Nakili faili mbili za vmdk na uanze tena na `qm disk import`.